Wasomaji Wanauliza: Dume la Mbegu na Chupa ya Dawa katika Gazeti la Kikoloni

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya ukurasa wa matangazo wa gazeti moja la Virginia la miaka ya 1760, wakati Virginia na majirani zake wa pwani ya mashariki ya Amerika ya Kaskazini walipokuwa bado makoloni ya Uingereza. Safu ya kushoto ilikuwa na picha ndogo ya farasi, na chini yake maelezo marefu ya dume lililokuwa likipandisha majike msimu ule. Safu iliyofuata ilikuwa na orodha ya dawa za chupa, tulizoziita "dawa za hataza," zilizoshushwa kutoka meli ya London. Hatukutarajia kwamba picha ile ingeamsha maswali mengi kiasi hiki. Tumechagua barua tano.

*Mheshimiwa Mhariri, nilifundisha historia kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kustaafu, lakini sijapata kuona ukurasa uliochanganywa namna ile, farasi na dawa ya kifua bega kwa bega. Je, mchapaji yule hakuwa na mpangilio, au kulikuwa na uhusiano kati ya bidhaa hizi mbili?*
Mwalimu mstaafu, Tanga

Shikamoo, Mwalimu. Yote mawili ni kweli. Mpangilio haukuwapo kabisa. Gazeti la kikoloni lilitoka mara moja kwa wiki, kwa kawaida likiwa na kurasa nne, na matangazo yaliingia kwa kadiri yalivyomfikia mpanga herufi na kwa kadiri nafasi ilivyoruhusu. Hakuna aliyetenga safu ya mifugo, ya afya au ya ajira. Meli inayotafuta shehena ilifuatwa na shamba linalouzwa, kisha dume la farasi, kisha mume anayetangaza kwamba mkewe amehama nyumbani na kwamba hatalipa madeni yake, kisha dawa. Habari za Ulaya zilizojaza kurasa nyingine zilikuwa zimekaa baharini kwa wiki nyingi, na nadhani si kosa kusema kwamba ukurasa wa matangazo ndio uliokuwa na habari mbichi kuliko zote.

Uhusiano nao ulikuwapo, na ulianzia kwa mchapaji mwenyewe. Gazeti la kwanza lililodumu katika makoloni yale, Boston News-Letter, lilitoka tarehe 24 Aprili 1704, na katika toleo hilohilo la kwanza liliwaomba watu walete matangazo yao ya nyumba, mashamba, meli, bidhaa na watumishi waliotoroka, kwa bei ya kuanzia pensi 12 hadi shilingi 5. Gazeti hilo liliuzwa Boston katika duka la muuza vitabu aliyeitwa Nicholas Boone. Miaka minne baadaye, tarehe 4 Oktoba 1708, gazeti likatangaza dawa ya Daffy's Elixir, kwa shilingi 4 na pensi 6 chupa ya nusu painti, na duka la kuipata lilikuwa la Boone huyohuyo. Tangazo hilo ndilo linalohesabiwa kuwa la kwanza la dawa iliyoitwa ya hataza katika magazeti ya makoloni.

Usidhani Boone alikuwa kioja. Vitabu, karatasi na dawa za chupa vilitoka London katika meli zilezile, vilikuwa vyepesi na vya bei, na vilihitaji mtu mwenye duka mjini na wateja mashambani. Benjamin Franklin alipolishika gazeti la Pennsylvania Gazette mwaka 1729, naye alifungua duka pembeni ya mtambo. Mwaka 1731 gazeti hilo lilitangaza marhamu ya upele iliyotengenezwa na mjane Read, ambaye alikuwa amehamia katika nyumba ya kiwanda cha uchapaji. Mjane huyo alikuwa mama mkwe wa Franklin. Kwa hiyo, Mwalimu, ukijiuliza kama mchapaji aliichunguza dawa kabla ya kuitangaza, kumbuka kwamba huenda ilikuwa rafuni mwake, au imepikwa jikoni mwa mkwewe.

Kuhusu farasi, mchapaji hakuwa na hisa, ila alikuwa na ada. Katika miaka ya 1760 na 1770 wachapaji wa Williamsburg, mji mkuu wa Virginia, walitoza shilingi 3 kwa tangazo la urefu wa wastani wiki ya kwanza, na shilingi 2 kwa kila wiki iliyofuata, na gazeti lenyewe lilikuwa shilingi 12 na nusu kwa mwaka mzima. Mwenye dume aliyetaka tangazo lake litoke wiki 8 mfululizo alilipa shilingi 17, yaani zaidi ya bei ya mwaka ya gazeti zima. Ndiyo maana Sheria ya Stempu ya 1765 iliwachoma wachapaji kuliko watu wengine: pamoja na kodi ya karatasi, Bunge la London liliweka kodi ya shilingi 2 kwa kila tangazo. Tangazo la wiki ya pili lingepanda kutoka shilingi 2 hadi 4. Sheria ilifutwa Machi 1766, na wachapaji walikuwa miongoni mwa waliopiga kelele zaidi hadi ikafutwa.

*Bwana Mhariri, mimi ni ofisa mifugo, na kazi yangu kwa sehemu kubwa ni madume ya ng'ombe na mirija ya mbegu. Katika tangazo mlilochapisha niliona bei tatu tofauti kwa farasi mmoja. Naomba ufafanuzi, kwa sababu huku kwetu mfugaji hulipa mara moja, na asipopata ndama tunagombana.*
Msomaji, Dodoma

Ndugu yangu, ugomvi huo wa Dodoma ndio hasa uliotatuliwa na bei zile tatu, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu yenye akili kuliko zote katika biashara hii.

Bei ya kwanza ilikuwa ya mpando mmoja. Mwenye jike alimleta zizini, dume likampanda, akalipa fedha taslimu mlangoni na kuondoka. Bei ya pili ilikuwa ya msimu, na mara nyingi ilikuwa kama maradufu ya ile ya kwanza: jike angeweza kurudishwa tena na tena tangu majira ya kuchipua mpaka katikati ya kiangazi, kwa maana mimba ya farasi huchukua miezi 11 hivi na kila mfugaji alitaka mtoto azaliwe majani yakiwa mabichi. Bei ya tatu, iliyokuwa juu kuliko zote, ilikuwa ya dhamana: ulilipa hiyo kwa sharti kwamba jike ashike mimba, na asiposhika, hukudaiwa. Ukiziangalia vizuri, bei hizi tatu zinauza kitu kimoja, ila zinagawa hasara kwa namna tatu. Katika mpando mmoja hasara yote ni ya mwenye jike. Katika dhamana hasara yote ni ya mwenye dume. Na msimu uko katikati. Mtu maskini mwenye imani na jike wake alichukua bei ya chini. Mwenye jike mzee aliyewahi kukosa alichukua dhamana.

Tangazo lenyewe lilifuata mwendo ambao baada ya kusoma matano unaweza kuuimba. Kwanza jina la dume na rangi yake: hudhurungi, kijivu, mweusi mwenye alama nyeupe usoni. Kisha urefu, uliopimwa kwa viganja, kila kiganja kikiwa inchi 4, kutoka ardhini hadi juu ya mabega. Farasi wa viganja 15 ana sentimita 152 hivi, na tofauti ya kiganja kimoja iliandikwa kwa makini kama tofauti ya pauni 10. Kisha nasaba: baba, baba wa mama, babu wa mama, na kuendelea. Kisha mahali, bei, na njia ya kulipa, ambayo huko Virginia na Maryland huenda ikawa tumbaku, kwa maana tumbaku ilitumika kama fedha. Mwishoni kulikuwa na ahadi ya malisho mazuri kwa majike yanayotoka mbali, ikifuatwa mara moja na tahadhari ambayo ofisa mifugo yeyote ataitambua: mwenye zizi hatawajibika kwa jike atakayetoroka au kuumia.

Tahadhari hiyo ya mwisho hainichukizi. Inanionyesha mtu aliyewahi kudaiwa farasi wa jirani aliyevunja uzio usiku, na ambaye sasa amejifunza kuandika.

Jambo jingine: tangazo la dume lilijibiwa na dunia. Baada ya miezi 11 mtoto alizaliwa, na baada ya miaka 3 au 4 alikimbizwa mbele ya wilaya nzima. Dume lililotoa watoto wabovu halikuweza kufichwa na maneno, kwa sababu watoto wenyewe walitembea barabarani wakiwa na jina la baba yao. Mfano ni Janus, dume lililoletwa Virginia kutoka Uingereza katikati ya karne ya 18. Watoto wake walikuwa wafupi, wenye misuli mizito ya mapajani, na kwa umbali wa robo maili hapakuwa na wa kuwashika. Watu wa Virginia ya kusini na Carolina ya Kaskazini walipenda mno mbio hizo fupi, na damu ya Janus ikaenea hadi leo kwa farasi wanaoitwa wa robo maili. Hakuna tangazo lililohitaji kusema hayo, kwa kuwa kila Jumamosi palikuwa na ushahidi.

*Assalaam alaykum. Babu yangu alikuwa Maskati na alituhadithia sana habari za farasi wa Kiarabu. Nimeona neno "Mwarabu" katika nasaba ya lile dume. Je, ni kweli farasi wetu walifika Amerika, au ni majigambo ya wauzaji?*
Msomaji, Mombasa

Waalaykum salaam. Damu ilifika, farasi wenyewe, kwa wakati ule, ni wachache sana. Na kutoka Oman, hapana.

Waingereza walipokuwa wakiunda aina yao ya farasi wa mbio, walinunua madume kutoka Mashariki. Lililo mashuhuri zaidi, Darley Arabian, lilinunuliwa Aleppo, Shamu, likafika Uingereza mwaka 1704. Jingine, Godolphin Arabian, lilipitia Tunis na Ufaransa, na wataalamu walibishana kwa muda mrefu kama lilikuwa la Kiarabu au la Barbari, yaani la Afrika ya Kaskazini. Waingereza walizoea kumpa farasi wa aina hii jina la mwenye zizi likifuatwa na neno la asili yake, na neno hilo la asili lilitegemea zaidi mdomo wa mfanyabiashara kuliko ukoo wa jike aliyemzaa.

Virginia ikapokea watoto na wajukuu. Bulle Rock, anayetajwa kimapokeo kuwa farasi wa kwanza wa aina hiyo kuvuka Atlantiki, aliletwa mwaka 1730 akiwa tayari mzee wa miaka 21, na alisemekana kuwa mwana wa Darley Arabian. Fearnought, aliyeletwa mwaka 1764 kwa John Baylor wa wilaya ya Caroline, alikuwa mwana wa Regulus, naye Regulus alikuwa mwana wa Godolphin Arabian. Kwa hiyo mtangazaji wa mtoto wa Fearnought alihesabu hatua chache tu na kufika kwa Mwarabu, na alihakikisha anafika.

Je, alisema kweli? Hapo ndipo penye utamu. Kitabu rasmi cha nasaba za farasi wa mbio kilianza kuchapishwa London mwaka 1791, na Marekani haikuwa na chake kilichokubalika mpaka mwaka 1868. Kabla ya hapo mwenye dume alikuwa na cheti kilichoandikwa kwa mkono na mfugaji aliyemuuzia, na mara nyingine alikichapisha gazetini kizima pamoja na jina la mtia sahihi, ili yeyote mwenye shaka akamuulize. Majina nayo yaliwachanganya watu: mtoto mzuri wa dume mashuhuri alipewa jina la baba, na mjukuu pia, hata ikabidi kumtaja farasi pamoja na bwana wake. Ndiyo maana Celer, mwana wa Janus, anajulikana mpaka leo kuwa Celer wa Meade. Walioandika vitabu vya nasaba baadaye walirudi kwenye matangazo hayohayo ya gazeti, wakayatumia kama hati. Majigambo ya muuzaji mmoja, yakikosa wa kuyapinga kwa miaka 100, yaliingia kitabuni yakawa ukoo. Nadhani babu yako, kama alikuwa amezoea watu wa bandarini, asingeshangaa.

*Mheshimiwa, nina duka la dawa. Mmeziita "dawa za hataza," na ninavyojua mimi, hataza ni ulinzi wa uvumbuzi wa kweli. Ni nini kilikuwa ndani ya chupa zile, na je, ziliponya? Pia ningependa kujua kama tatizo la dawa bandia lilikuwapo wakati ule.*
Mfamasia, Mwanza

Swali lako lina sehemu tatu, na ya tatu ndiyo nzito.

Hataza ya Uingereza wakati ule ilikuwa hati ya mfalme inayompa mtu haki ya pekee kwa miaka 14. Dawa chache zilikuwa nayo kweli: Stoughton's Elixir mwaka 1712, matone ya kifua ya Bateman mwaka 1726, Balsam of Life ya Robert Turlington mwaka 1744. Nyingine, kama hiyo Daffy's iliyochukua jina la kasisi mmoja wa Leicestershire wa karne ya 17, hazikuwahi kuwa na hati yoyote, lakini watu waliziita zote jina moja. Na hataza haikupima kama dawa inaponya. Mfalme alithibitisha kwamba Turlington ndiye mwenye haki ya kuuza. Mgonjwa akasoma kwamba mfalme amethibitisha dawa. Biashara yote ilikaa katika mwanya huo.

Ndani ya chupa, wewe mwenyewe ungetambua vingi. Daffy's ilikuwa sanamaki na viungo vingine vya kuharisha katika kileo kikali. Vidonge vya Anderson vilitegemea subili. Vidonge vya Hooper vya kina mama vilikuwa na subili, chuma na manemane. Matone ya Bateman yalikuwa na afyuni na kafuri. Godfrey's Cordial, iliyopewa watoto wachanga ili walale, ilikuwa na afyuni ndani ya sharubati tamu ya molasi. Turlington alitaja viambato 27, lakini kiini chake kilikuwa utomvu wa miti yenye harufu uliolowekwa katika kileo pamoja na subili, na akadai kwamba inatibu mawe ya figo na kibofu, msokoto wa tumbo, na kitu alichokiita udhaifu wa ndani, ugonjwa ambao sijui ni nani hana.

Ziliponya? Sanamaki ililegeza tumbo, na mtu aliyekuwa amefunga choo siku nne aliapa kwamba amefufuliwa. Afyuni ilituliza kikohozi, maumivu na kuhara. Nisingependa kuwacheka wanunuzi wale: walihisi nafuu, na ilikuwa nafuu ya kweli. Kosa lilikuwa kwamba dawa ileile iliuzwa kwa maradhi kumi yasiyohusiana, na kwamba mama hakujua kilichomlaza mtoto wake.

Jambo linalonishangaza zaidi ni ukimya wa matangazo. London, wenye dawa walijaza magazeti kwa ushuhuda na sifa. Katika makoloni, tangazo la dawa kwa kawaida lilikuwa orodha tupu: zimeshushwa sasa hivi kutoka meli fulani, Turlington's, Bateman's, Stoughton's, Anderson's, kisha sindano, kisha vitabu vya sala. Dume la farasi lilipewa mistari ishirini. Dawa ya kuokoa maisha ilipewa neno moja. Sababu yake ni ya kibiashara. Mwenye dume alikuwa na dume lake tu, na kila neno lililomleta mteja lilimfaa yeye. Muuza dawa wa Philadelphia aliuza bidhaa ambayo jirani yake aliiuza pia, basi kwa nini alipe shilingi zake kumsifia Turlington? Mmoja aliyejaribu ni James Wallace wa New York, ambaye mwaka 1731 alichapishiwa kijitabu kizima cha kusifu matone ya Bateman. Aliyekichapisha ni John Peter Zenger, yuleyule aliyeshtakiwa kwa kumkashifu gavana na kuachiliwa mwaka 1735, na ambaye huenda unamkumbuka kutoka katika masomo ya uhuru wa habari.

Sifa, basi, zilikuwa juu ya chupa na katika karatasi iliyoifunga. Hapa tuingie katika sehemu yako ya tatu. Chupa ya Turlington ya mwaka 1754 inatosha kushikwa ndani ya ngumi. Umbo lake si la mviringo wala la mraba. Ni kama peari iliyobanwa ubavuni, yenye mabega yaliyokatwa kwa ngazi, na juu ya kioo, kwa herufi zilizoinuka ambazo kidole gumba kinazihisi, pameandikwa kwamba ni kwa hati ya mfalme aliyopewa Turlington kwa balsamu aliyoivumbua, pamoja na London na tarehe ya 26 Januari 1754. Alibuni umbo hilo kwa sababu, kwa malalamiko yake mwenyewe, kulikuwa na watu walionunua chupa zake tupu na kuzijaza uchafu wao. Haikusaidia kitu. Watengeneza chupa walinakili umbo lile pamoja na maandishi yake, na wauza dawa wa makoloni wakaagiza chupa tupu wakajaza wenyewe, hasa miaka ya mgomo wa kutonunua bidhaa za Uingereza na ya vita vya uhuru vilivyofuata. Jonathan Waldo, mwenye duka la dawa huko Salem, Massachusetts, aliandika katika hesabu zake kwamba Turlington ya kuagiza ilikuwa ghali, shilingi 36 kwa dazeni, ilhali ile ya kwake mwenyewe ilikuwa shilingi 15. Hakuona haya kuandika, na sidhani aliona ni bandia. Kwake yeye Turlington's lilikuwa jina la mchanganyiko, kama sisi tunavyosema chai.

Hatari ilikuwa katika vipimo. Mwaka 1824 chuo cha famasia cha Philadelphia kilikusanya mapishi ya dawa 8 za zamani za aina hii ili kuyasawazisha, na kamati yake ikakuta kwamba chini ya jina lilelile kila duka lilikuwa na mchanganyiko wake, na kwamba kiasi cha afyuni kilitofautiana mno. Mama aliyezoea kijiko kimoja cha Godfrey's kutoka duka la kushoto, akanunua siku moja duka la kulia, hakuwa na namna ya kujua. Na mtoto wa binadamu hatangazwi barabarani kama mtoto wa Janus: aliyepona aliisifu dawa, na aliyekufa alihesabiwa kuwa amekufa kwa ugonjwa.

Chupa, hata hivyo, zilisafiri mbali kuliko magazeti. Wanaakiolojia wamezifukua katika makaburi ya wenyeji wa asili wa nyanda za ndani, mahali ambapo hakuna aliyewahi kusoma tangazo lake.

*Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Nimejaribu kutazama magazeti haya ya zamani kwenye intaneti na nimeona picha moja ya farasi ikirudiwa kwa farasi mbalimbali. Pia nimeona picha ya mtu mwenye fimbo na mzigo, nayo inarudiwa. Ni za nini?*
Msomaji, Unguja

Marahaba. Macho yako ni mazuri. Mchapaji alikuwa na vipande vichache vya mbao au metali vilivyochongwa, kila kimoja cha upana wa vidole viwili hivi: meli, nyumba, farasi. Hakuna aliyechora farasi halisi anayetangazwa. Dume jeusi, dume la kijivu na wakati mwingine hata farasi aliyepotea malishoni wote walipewa picha ileile. Kipande kikichakaa, mguu mmoja ukavunjika, kiliendelea kuchapwa hivyohivyo na farasi akakimbia kwa miguu mitatu mpaka mchapaji alipopata pesa ya kuchonga kingine. Kazi ya picha ilikuwa kumwambia anayepitisha macho: hapa ni mambo ya farasi, simama.

Picha ya mtu mwenye fimbo na mzigo ni ya mtumwa au mtumishi aliyetoroka. Wengi wao walikuwa Waafrika au watoto wa Waafrika. Ukisoma tangazo la namna hiyo mara tu baada ya tangazo la dume, utaona mwendo wa maneno unavyofanana: jina, umri, urefu, rangi, alama za mwilini, namna anavyotembea, na zawadi kwa atakayemrudisha. Nasaba tu ndiyo haimo. Mwenye dume alijua mama wa mama wa farasi wake. Mwenye mtumwa hakuona sababu ya kuandika mama yake ni nani, isipokuwa pale alipodhani kwamba ametorokea kwake.

Na kuna jambo ambalo picha haionyeshi. Huko Virginia waliowatunza madume yale, waliowashika hatamu jike alipoletwa, na waliowapanda siku ya mbio, kwa sehemu kubwa walikuwa watumwa, na baadhi ya matangazo ya waliotoroka yanasema waziwazi kwamba mtafutwa ni hodari wa farasi. Ukitaka kuwaona, usiishie kwenye picha. Soma tangazo la dume la majira ya kuchipua, kisha tafuta jina la mwenye zizi katika matoleo ya mwaka uleule mpaka Desemba. Mara nyingine utamkuta tena, safari hii akimtafuta mtu. Na pale bwana asipotaka kujitaja, tangazo husema tu kwamba mwenye kutaka habari zaidi aende kuuliza kwa mchapaji.